Kocha Kiwiko

Bodaboda wa kwanza kuniita "Kocha Kiwiko" alikuwa hata hajazima pikipiki. Ilikuwa Jumamosi jioni, dakika tano baada ya mechi, nami natafuta njia ya kutoka uwanjani nisipite mbele za watu. Kufika Jumatatu asubuhi jina lilikuwa limeshapanda Kibosho kabla yangu. Muuza vocha ananiita hivyo. Mama wa maandazi ananiita hivyo, halafu ananiongezea andazi moja bure, na hilo la bure ndilo linaloniuma zaidi. Ni andazi la msibani.

Mambo yalikuwa hivi. Timu ya kikapu ya mpwa wangu wa kike iko nyuma kwa pointi moja, muda umekwisha, naye kachezewa rafu akipiga shuti. Mitupo huru miwili. Wa kwanza unasawazisha, wa pili unashinda. Uwanja ukanyamaza. Hata mlima, ambao mchana kutwa hujifunika wingu kama mkwe aliyesusa, jioni hiyo ulitoka wote, Kibo na Mawenzi, kutazama. Mtoto akasimama mstarini, akadunda mpira mara tatu. Nami, asije akasahau mafunzo ya wiki sita, nikapanda juu ya benchi nikapaza sauti: "Kiwikooo!"

Mpira ulitoka mikononi mwake umenyooka kama jiwe la kufukuzia kima. Haukugusa ubao. Haukugusa chuma. Ulipita chini ya goli ukaishia kwenye soda ya mzee mmoja aliyekaa nyuma ya mstari bila kosa lolote. Wa pili uligonga chuma kwa mbele ukamrudia mwenyewe kifuani, kama barua isiyo na stempu. Filimbi. Mpwa wangu hakulia. Alinijia taratibu, akaniambia kwa adabu zote: "Mjomba, mechi ijayo naomba ubaki nyumbani."

Usiku ule sikulala. Nilichukua tepu, ndoo na karatasi, nikaanza kufanya hesabu ambazo kocha mwenye akili huzifanya kabla.

Mtupo huru ni ajabu ya mpira wa kikapu: ghafla kila mtu anakuacha. Hakuna wa kukukaba. Una sekunde tano. Kutoka mstarini hadi usawa wa ubao ni mita 4.6, na goli liko juu mita 3.05. Vipimo ni hivyo hivyo Moshi na Memphis, timu iliyomchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa chaguo la pili la NBA mwaka 2009, nasi huku tukaamini mchezo huu ni wa warefu tu. Kipenyo cha chuma ni sentimita 45. Mpira wa wanawake ni kama 23. Ukisikia hivyo unadhani mipira miwili inakaribia kupita kwa pamoja.

Sasa weka ndoo chini, simama juu yake utazame. Mdomo wake ni duara. Chuchumaa polepole mpaka jicho likaribie usawa wa ukingo: duara limekuwa yai, yai limekuwa jicho la mtu mwenye usingizi, na mwisho ni mstari tu. Ndoo ni ile ile. Kilichobadilika ni njia unayoijia. Mpira nao huliona goli vivyo hivyo. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, tundu lile la sentimita 45 linakuwa kama la 32. Ukija kwa nyuzi 30, linabaki 22 na nusu.

Mpira ni 23.

Mistari hiyo miwili niliirudia hadi saa nane usiku. Wiki sita nilikuwa namfundisha mtoto kumpitisha ngamia kwenye tundu la sindano, nami nimesimama pembeni namfokea ngamia kuhusu kiwiko.

Kibaya zaidi, alinijia akiwa anajua. Mpwa wangu ni mfungaji wa mpira wa pete tangu shule ya msingi. Pete haina ubao wa kukubebea kosa. Iko juu mita 3.05 kama goli la kikapu, lakini kipenyo chake ni sentimita 38 tu. Kwa hiyo wasichana wale hujifunza, bila tepu wala ndoo, kwamba mpira sharti upande kwanza kisha udondoke kutoka juu kama embe. Ndivyo alivyokuwa akirusha siku ya kwanza. Nami nilimwambiaje? "Acha mambo ya netiboli. Nyoosha."

Wamarekani walishalipitia hili. Wilt Chamberlain, jitu la mita 2.16, kuna wakati alirusha mitupo huru kwa mikono miwili kutokea chini, kati ya magoti. Tarehe 2 Machi 1962, usiku alipofunga pointi 100 katika mechi moja, alitia 28 kati ya 32. Kisha akaiacha mbinu hiyo kwa kuona haya, maana watu waliiita mtupo wa bibi. Maisha yake yote ya NBA alitia kama nusu tu. Nilimcheka sana Chamberlain hadi nilipogundua kwamba mimi nimemzidi. Yeye alichagua kukosa ili asichekwe. Mimi nilichagua mtoto akose ili mimi nisichekwe.

Majaribio mengine yasiandikwe kwa kirefu. Wiki ya tatu nilimfunga kitambaa machoni. Mpira ukaingia kwenye supu ya mtu. Wiki ya nne nilimwonyesha mwenyewe mtupo wa bibi. Jogoo wa jirani bado anachechemea. Wiki ya tano nilimwambia avute pumzi, akavuta, akapaliwa na inzi.

Na magoti. Mtupo huanzia miguuni, mkono unamalizia tu, nami kila siku nilimgombeza kwamba magoti hayakunjiki. Jumapili baada ya ile mechi nikaenda kwao mapema kuomba radhi. Nikamkuta anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, wa pili asubuhi hiyo. Kaka yake, mwenye miguu miwili mizima, alikuwa anachaji simu. Mchana wasichana hupewa uwanja saa nane, jua la utosi, kwa sababu kuanzia saa kumi ni wa wavulana mpaka giza. Chuma nacho kimeinama kwa kuning'iniwa na wavulana hao hao. Nilikipima kwa mbele, mita 2.94. Nilipompelekea msimamizi wa uwanja malalamiko aliniuliza, kwani hao wasichana hawana mpira wa pete wa kucheza? Nilitafuta jibu la kuchekesha. Mpaka leo sijalipata.

Sasa tumeafikiana. Anarusha anavyojua: mpira unapanda, unasita kidogo kama unaofikiri, unadondoka. Mimi nimepewa cheo kingine. Uwanja wetu uko mtelemkoni, na mpira uliokosa haungoji mtu. Unapita kwenye mibuni na migomba hadi mfongoni, ule mfereji waliouchimba mababu. Basi nakaa huko chini, nadaka kinachoteremka, nakipandisha. Juzi, katika mitupo 20, nilipanda mara saba. Jana mara nne, na kati ya mara ya pili na ya tatu nilingoja muda mrefu hadi nikasinzia.

Muuza vocha akapita, akanikuta miguu imo majini. "Kocha Kiwiko! Unafanya nini mfongoni?"

"Nafundisha," nikamjibu.