Medali ya Mhojiwa Na. 14

Kwa Kamati ya Tuzo za Utafiti wa Uzamili na Uzamivu, Jiografia ya Uchumi

Waheshimiwa,

Sisi wa Kihagara hatujambo, na dagaa wanakauka kwa rehema za Mungu.

Tumesikia kwamba mwanafunzi wenu aliyeandika juu ya soko la dagaa mwambao wa Ziwa Nyasa ameshinda tuzo. Hongereni. Simtaji jina, maana naye hakututaja. Shangazi yangu mle ndani ya tasnifu anaitwa "Mhojiwa Na. 14, mwanamke, mjasiriamali mdogo". Kwenye tasnifu iliyotangulia alikuwa Na. 31, kwa hiyo nyumbani tunaona amepanda daraja.

Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga ilipofika Mbamba Bay tulitarajia wanunuzi. Wamekuja, hatukatai, ila madodoso nayo yamepanda gari hilohilo. Kaya ina watu wangapi? Mnakula milo mingapi? Ndoo ya dagaa unauza bei gani? Ndoo ya nani, hakuna anayeuliza. Mnunuzi huja na yake, na ndoo yake ina tumbo. Shangazi anazo kichwani bei za Mbinga na Songea na nauli ya gunia. Anajua siku ya kumuuza samaki mbasa mbichi papa hapa ufukweni na siku ya kuwangojesha dagaa lori. Johann Heinrich von Thünen alijipatia jina mwaka 1826 kwa kueleza mambo ya namna hiyo, bidhaa ipi ikae jirani na soko na ipi itoke mbali, akipiga hesabu kwenye madaftari ya shamba lake mwenyewe kule Tellow, Ujerumani. Angezaliwa kwetu angekuwa Mhojiwa Na. 15.

Ndiyo maana tunaomba, kwa unyenyekevu wote, muanzishe Tuzo ya Mhojiwa Bora. Utaratibu tumeshauandaa ili tusiwachoshe. Mtahini wa nje atoke Liuli, asiwe ndugu wala asidaiwe dagaa. Alama 40 ni za uvumilivu. Alama 30 ni za kukunjua uso unapoulizwa kama nyumba yako ina choo, na anayekuuliza ndiyo kwanza anatoka kukitumia. Alama 20 ni za kutaja mapato ya miezi 12 iliyopita bila kucheka. Kumi zilizobaki apewe aliyesaini fomu ya ridhaa ya Kiingereza na bado akatoa kigoda. Mahafali yafanyike mchangani, kati ya vichanja vya kuanikia dagaa. Joho lishonwe kwa wavu uliostaafu. Kofia iwe ungo, na kishada chake mkia wa mbasa, ila avuliwe kofia mapema kabla paka hawajaingia kwenye maandamano.

Na medali iwepo. Kwa wanajiografia hilo si geni: Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilitengeneza medali kwa ajili ya akina Susi na Chuma na wenzao, waliofikisha maiti ya Livingstone Bagamoyo mwaka 1874. Medali zinafika, wengi wao wameshatawanyika. Chuma huyohuyo aliongoza msafara wa Joseph Thomson hadi ncha ya kaskazini ya ziwa letu mwaka 1879. Kitabu kikatoka kwa jina la Thomson. Lakini walau Chuma jina lake tunalijua. Huyu wa sasa, anayewabebea takwimu, mmempa namba.

Mwanafunzi wenu alimkalisha shangazi saa mbili nzima. Wingu likajikusanya upande wa Malawi, shangazi akainuka mara mbili akawaanue dagaa, mara mbili akaambiwa bado maswali machache. Mvua ikamkuta kwenye swali la mali zinazohamishika. Ndoo tisa zilioza, tukazimwaga shambani. Tasnifu inasema upotevu baada ya kuvua "unachangiwa na uelewa mdogo wa wadau". Wadau! Mmeyasoma hayo mezani kwenu, mkapiga makofi, mkatoa cheti.

Mniwie radhi, waheshimiwa, jua la huku ni kali.

Mengine ni madogo. Mje Februari, barabara ya huku kijijini ikiwa tope, msije Agosti tu. Mtuandike wilaya ya Nyasa. Tulitoka Mbinga mwaka 2012. Mtuletee ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kile mlichogundua, hata kama ni kile tulichowaambia. Na swali la milo mingapi lisiulizwe tukiwa tumenawa mikono na mtafiti anautazama ugali.

Ni mimi wenu mtiifu,
Msaidizi wa Mhojiwa Na. 14, niliyeshika mwavuli wa mtafiti

Tanbihi: Kalamu aliyoiazima mwanafunzi wenu ili shangazi asaini ridhaa ni ya mjukuu wa darasa la nne. Ni ya bluu, kifuniko kimetafunwa. Mtoto bado anaiulizia.