Vijeba Wenye Vyeti Halali

Kuna kijana kwenye timu ya kikapu ya mwanangu ambaye nusura nimwamkie shikamoo. Ana masharubu, tena si yale ya kuhesabika, ni masharubu kamili yaliyochongwa kwa mashine. Siku ya kwanza nilidhani ni kocha msaidizi, nikamuuliza mazoezi yanaisha saa ngapi. Kumbe yuko darasa la nane na mwanangu. Na mwaka jana alikuwa darasa la nane vilevile.

Hakufeli. Hapo ndipo mimi mtoto wa Tanga ninapopotea. Kijana ana alama nzuri tu, ila baba yake aliketi na kocha wa kulipwa, wakapiga hesabu, wakaona akibaki nyuma mwaka mmoja ataingia sekondari akiwa mrefu na mzito zaidi, na maskauti wa vyuo watamwona. Wakamtoa shule ya umma, wakampeleka ya kulipia, akasomeshwa upya yaleyale aliyokwisha kufaulu. Kwenye ukurasa wake wa mtandaoni palipoandikwa kwamba atahitimu 2029, sasa pameandikwa 2030.

Baba huyo ndiye jirani yangu wa benchi. Huku kwetu, nje kidogo ya Washington, wazazi wa kikapu huja na viti vya kubandika juu ya benchi, vyenye mgongo na mahali pa kuweka kikombe. Mimi nakalia ubao. Yeye anaegemea, anakunywa kahawa, ananisakama. "Wako kazaliwa Julai," aliniambia kwa sauti ya kutoa rambirambi. "Kwa darasa lake ni mdogo mno. Mrudishe."

Na hesabu zao zimekaa vizuri, sikatai. Majimbo mengi ya Marekani humzuia mwanafunzi kuchezea sekondari yake akiwa ametimiza miaka 19 kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na humhesabia miaka minne tu ya kucheza tangu aingie darasa la tisa. Mtoto wa kawaida anaanza darasa la kumi na mbili akiwa na miaka 17. Kwa hiyo kanuni imeacha upenyo wa mwaka mmoja, na upenyo huo lazima uutumie kabla ya darasa la tisa, saa ya kuhesabu haijawashwa. Ndiyo maana darasa la nane limejaa wanaume.

Sisi tulishutumiwa sana kwa mambo haya. Serengeti Boys, timu ya soka ya vijana ya Tanzania, walifuzu fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2005, wakaondolewa kwa ajili ya kijeba mmoja, yaani mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana hao kule Nigeria, FIFA ikaanza kuwapiga wachezaji picha za MRI za kifundo cha mkono, maana vyeti vyetu vilikuwa havisadikiki. Lakini sisi tulikuwa tunapunguza umri, jambo lenye jinai ndani yake. Hawa umri hawaugusi. Wanapunguza darasa. Cheti cha kuzaliwa kiko safi kabisa, kijeba ni halali, na MRI yako haina la kusema.

Tena Wamarekani hawa ni haohao waliokuwa wakitulalamikia umri. Mkenya Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa na miaka 26. Miaka ile makocha wa vyuo vingine walilia kwelikweli kwamba Wakenya ni watu wazima wanaoshindanishwa na watoto. Mpaka leo, mtoto wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi, ambaye ofisi ilimwandikia kazaliwa Januari 1 kwa sababu hakuna aliyejua tarehe yake, akifunga vikapu viwili mfululizo utasikia mnong'ono benchini: huyu ana miaka mingapi kweli? Mnong'ono huo mara ya mwisho niliusikia upande wa kile kiti chenye mgongo. Nikatazama masharubu uwanjani, nikatazama kahawa, nikanyamaza kwa heshima ya ugeni wangu.

Wanagombania nini? Kwa makadirio ya NCAA yenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, katika kila wavulana 100 wanaocheza kikapu sekondari, hawafiki wanne watakaochezea chuo chake chochote. Daraja la kwanza ni kama mmoja. Daraja la tatu halitoi hata senti ya ufadhili wa michezo. Na tangu 2021 wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kuuza majina yao kwa matangazo, na 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, wazazi wamepagawa. Kocha wa chuo naye siku hizi anamchukua mtu wa miaka 23 aliyehama chuo kingine, ameshakomaa, kwa nini ahangaike na kinda? Basi na huku chini wanakomaza makinda.

Mimi nauliza swali la mlipa bili. Mwaka huo wa ziada nani anaulisha? Wangu anakula mikate minne akitoka mazoezini, viatu vya msimu huu vimeshambana, na ada ya ile shule ya kulipia nikiitoa, ufadhili wa chuo nitakuwa nimeshaulipa mwenyewe kabla haujaja. Na wote wakirudishwa, wa Julai si atakuwa mdogo vilevile?

Mama watoto, hata hivyo, ameanza kulegea. Juzi akanishauri tumuulize bibi wa mtoto, yaani mama yangu, maana wanapatana. Nikapiga simu Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu kafeli?"

"Kafaulu, mama. Vizuri sana."

"Sasa anarudia nini?"

"Ni kwa ajili ya mpira. Akirudia atapata chuo."

"Wewe ulirudia la saba, tena kwa jina la mtoto wa Mzee Kombo. Sekondari ya serikali uliipata?"

Nikamwambia mtandao umeanza kukatakata.