King'ora Kikizimika

Kila swichi ya taa niliyoiona tangu utotoni imenifundisha kwamba "off" ni kuzima. Kwa elimu hiyo ya ukutani nikakubali kazi ya ukalimani, kijiji kimoja njia ya kwenda Msimbati. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na wageni wenye kofia ngumu hawajatuishia.

Mhandisi, Mwingereza, alisimama chini ya mkorosho akasema: "When the alarm goes off, leave your houses." Nikapaza sauti: "Jamani, king'ora kikizimika, tokeni majumbani!"

Mzee mmoja akauliza, "Na kikiwa kinalia, baba?"

"Kikilia, tulieni." Hilo mgeni hakulisema. Niliongeza mwenyewe, nyongeza ya dukani.

Siku ya jaribio king'ora kililia mpaka kunguru wakahama minazi. Watu wametulia tuli. Wazee wanacheza bao. Mgeni anapunga mikono, jasho linamtiririka, nao kwa adabu wanampungia. Kilipozimika tu, kijiji kizima kikatimua mbio: watoto mgongoni, kuku kwapani, na mzee yule na bao lake kichwani, kete zikipukutika njia nzima hadi ufukweni.

Jioni nikasomeshwa. King'ora "kiki-go off", kinalia. Nikaandika kiganjani.

Kesho yake tukapita Feri, pale wanapovukia kwenda Msangamkuu. Mgeni akanusa kolekole, akakunja pua: "This one has gone off." Safari hii nilikuwa tayari.

"Shikamoo mama. Anasema samaki wako amelia."

Mama akamtazama kolekole, akanitazama mimi. "Alie ana nini? Mwambie atalia yeye, bei haishuki."

Kumbe samaki ameoza! Sisi nasi tuna mitego yetu, nakiri. Funga ikimeza silabi moja inakuwa fungua, choma inakuwa chomoa. Lakini kwetu mlango ukishafunguliwa umefunguliwa. Kwao taa inazimika, king'ora kinalia, samaki anaoza na bomu linalipuka, yote kwa kineno kilekile cha herufi tatu, na mtu anakitamka huku anakunywa chai.

Alfajiri simu yangu ikatetemeka. Ujumbe wa mgeni, anaelekea kivuko cha Ruvuma: "I'm going off to Kilambo."

Nikakaa kitandani nikipima. Anazimika, analia, au anaoza? Nikamjibu kwa neno linalofaa yote matatu: "Pole."