Eti "Sikumwona!"

Sogeeni kidogo hapo kwenye benchi, mwacheni muuza kahawa amimine, maana jambo hili halisemeki mtu akiwa amesimama. Hivi jamani, tangu lini mtu mzima kavaa shati jekundu, kapanda baiskeli, keria imesheheni madafu mpaka yanamzidi kimo, akawa haonekani? Mwenye gari anamgonga mchana kweupe, jua la saa sita, kisha anashuka kashika kiuno: "Sikumwona!" Lahaula! Madafu yote yale hukuyaona, lakini meseji kwenye simu uliiona, ukaisoma, ukaijibu na kijikatuni cha kucheka ukaweka.

Hebu tupige hesabu, wala haihitaji mwalimu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo mjini kwetu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde tatu tu, amekwenda zaidi ya mita 40 kipofu. Na mimi nimesema 50, mwendo wa mstaarabu. Nani kati yenu amemwona mstaarabu Barabara ya Mandela saa nne usiku, foleni ikiwa imekatika? Aa wapi! Pale watu wanafukuzana mpaka unajiuliza nyumbani kumetokea nini.

Sasa njoo kwenye huku kutanua. Foleni imesimama, mwenye gari lake kachoka kusubiri, anashuka pembeni ya lami kwenye vumbi, anaanza kuwapita wenzake. Pembeni huko ndiko aliko babu na gunia lake la mkaa, katoka nalo alfajiri maporini huko njia ya Kisarawe, kajibanza asimsumbue mtu. Basi mtanuaji akimkuta anampigia honi! Yeye ndiye kavunja sheria, yeye ndiye mwenye hasira, na babu ndiye anayetumbukia mtaroni na mkaa wake. Nimesonya mpaka ulimi umeuma.

Daladala nazo? Usiniulize. Inakupita kwa fujo, mita kumi mbele konda kagonga bodi, "Shushaa!", na suka anakata kushoto bila indiketa. Wewe wa baiskeli huna pa kwenda: kulia magari, kushoto abiria anayeshuka na ndoo ya samaki wa Feri. Kila mtu mjini anajua daladala itasimama kituoni, mtoto wa chekechea anajua, lakini bado tunajipenyeza ubavuni mwake kana kwamba safari hii itapitiliza. Ikionyesha dalili ya kupunguza mwendo, kaa nyuma yake. Subiri washuke, wapande, iondoke.

Lakini kilichonitia uchungu kuliko vyote ni milango. Nililiona kwa macho yangu Kariakoo, mtaa umejaa magari yaliyopaki pande zote. Kijana wa mikate anapita zake, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa mpira uliochanwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Mzee mmoja kwenye gari lake kaufungua mlango, pwaa, bila hata kutupia jicho kioo. Kijana kaingia nao. Sanduku likafunguka, mikate ikatawanyika kwenye lami, ringi ya mbele ikajikunja nane. Kijana kakaa chini anashika goti, damu inachuruzika mpaka kwenye ndala. Na yule mzee? Kainama kukagua mlango wake, anaupangusa kwa leso kutafuta mkwaruzo. Astaghfirullah! Mama muuza mihogo ndiye aliyemletea kijana maji ya kunawa, na wapita njia ndio waliookota mikate iliyosalimika. Jioni ile nani alimlipa tajiri wake hesabu ya mikate iliyokanyagwa? Mnajua jibu.

Tangu hapo namwambia kila mwenye baiskeli anayesimama hapa kunywa kahawa: ukipita kando ya magari yaliyopaki, jitenge nayo kadiri ya upana wa mlango, mita moja hivi, hata kama wa nyuma atapiga honi mpaka betri iishe. Honi haivunji goti.

Haya, sasa na wenzangu wa baiskeli nao nisiwaache, maana mkuki kwa nguruwe si kila siku. Mtu anapanda chuma hakina breki. Ukimuuliza anasimamaje, anakuonyesha ndala: anabana kisigino kwenye tairi la nyuma, soli inatoa moshi! Mvua ikinyesha je? Usiku hana taa wala kile kiplastiki chekundu cha kung'aa nyuma, kavaa koti jeusi, kabeba gunia jeusi, kwenye barabara ambayo taa za nguzoni hazijawaka tangu ziliposimikwa. Hapo dereva akisema hakumwona, mimi mwenyewe nitashindwa kumsonya. Zamani baba zetu walikuwa na dainamo, kile kichupa kinachosuguana na tairi taa ikawaka, na ulikuwa unamjua mjomba anakuja kwa ule mlio wake wa kukoroma. Siku hizi taa ndogo za betri zimejaa madukani, na mtu yuko radhi kununua vocha ya simu kila siku kuliko taa ya mara moja.

Kuna na hawa wanaokwenda kinyume, eti wanapenda kuliona gari linalowajia. Mtume! Kuliona na kulikwepa ni mambo mawili. Wewe una mwendo wa 15, gari lina 50, mkikabiliana mnakimbiliana kwa 65. Ukiwa upande wako wa kushoto, kama sheria inavyotaka, gari linakufikia kwa tofauti ya 35 tu, na dereva ana nafasi ya kushika breki. Tena anayechomoza kutoka kichochoroni ili akate kushoto anatazama kulia, kwa sababu huko ndiko magari yanakotoka. Wewe unamtokea kushoto kama nani? Hakutegemei kabisa.

Na lile lori la kwenda bandarini, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Lori refu likitaka kupinda kushoto, kichwa kinasogea kwanza kulia ili lipate nafasi ya kuzunguka. Mwenye baiskeli anaona upenyo umefunguka kushoto, anamshukuru dereva moyoni, anaingia. Upenyo ule haukufunguliwa kwa ajili yake. Matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kwa ndani, na pale ubavuni dereva hana kioo kinachomwonyesha kitu. Ukiwa huioni sura ya dereva kwenye saiti mira yake, jua naye hakuoni. Baki nyuma. Kofia ngumu vaeni, ni kinga nzuri mtu akianguka, lakini kofia haisimamishi tela.

Mtasema basi wajengewe njia yao. Si zilijengwa! Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli kandokando, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, tukavimba vichwa. Nenda sasa ukaitazame njia yenyewe. Hapa bodaboda wanapita kasi kukwepa foleni, pale meza ya viatu vya mtumba, mbele kidogo gari la mtu limepanda na tairi zote nne, mwenyewe yuko ndani anakula supu. Mwenye baiskeli anafukuzwa kwenye njia yake, anarudi kwenye lami, na akifika kwenye lami anatukanwa: "We, njia yenu ile kule huioni?" Aende wapi, apae?

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Yaani wasio na bati la kuwakinga. Kila tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, tangu Umoja wa Mataifa ulipoitangaza mwaka 2018. Siku hiyo watu wanavaa fulana mpya, wanaendesha na kupigwa picha, polisi wakiwafungulia njia. Kesho yake muuza madafu yuko peke yake na Fuso linamsukuma.

Sitaki kuwachosha. Wewe dereva, mpishe mwenye baiskeli mita moja na nusu unapompita, na kama nafasi hiyo haipo, subiri nyuma yake, haimalizi dakika. Kabla ya kufungua mlango, tazama kioo. Wewe wa baiskeli, kabla ya magharibi ya leo kafunge taa mbele na nyuma, na breki za kushika kwa mkono. Na wewe uliyepandisha gari kwenye njia ile ya pembeni ukaja hapa kunywa kahawa, ndiyo, wewe hapo, inuka ukaliondoe sasa hivi. Kikombe chako tutakulindia.