Jinsi ya Kuua Injini kwa Plagi Nne

Gari lako, tuseme Toyota IST, limeanza kumisi. Linatetemeka kwenye foleni ya Mwenge kama lina homa, na mafuta uliyoweka Jumatatu hayafiki Alhamisi. Fundi kasema ni plagi, kataja na hela ya ufundi. Wewe umeshatazama video mbili za watu wenye glavu safi. Basi kazi ni yako. Fuata maelekezo haya, usiruke hata moja.

Chagua Jumapili jioni, maduka ya spea yakiwa yamefungwa na giza likinyemelea. Anza mara tu unapotoka safarini, injini ikiwa haishikiki. Hedi ya alumini ikiwa ya moto, plagi inaweza kutoka na thredi zake. Ndiyo maana mafundi waoga husubiri ipoe.

Vifaa visikuumize kichwa. Wapo wanaonunua soketi ya plagi ya milimita 16, yenye mpira au sumaku ndani ya kushika plagi, pamoja na kirefusho, kwa kuwa plagi za IST zimezama kwenye visima virefu. Wewe azima spana kwa jirani. Atakuja nayo, na shemeji yake, na ushauri.

Juu ya kila plagi kuna koili iliyofungwa kwa bolti ya namba 10. Waya wake una kidude cha plastiki cha kubonyeza, ambacho kimeokwa na joto tangu gari liko Japani. Kichokonoe kwa bisibisi, kwa hasira. Kitalia "ka", na kuanzia siku hiyo waya utashikiliwa kwa kipande cha kamba.

Visima usivipulize. Vumbi, mchanga na jani la mwarobaini vimelala humo vikisubiri ufungue plagi vishuke ndani ya silinda, vikafanye kazi ya msasa bure. Pampu ya baiskeli ingevitoa kwa dakika moja, lakini nani aonekane na pampu ya baiskeli mbele ya shemeji?

Plagi za zamani zitupe bila kuzitazama. Zingekusimulia mengi. Ncha ikiwa kahawia hafifu, injini ina afya. Masizi makavu meusi, mafuta yanazidi hewa. Nyeupe, joto limepita kiasi. Ncha ikilowa oili, huenda ringi zimechoka. Na kama oili umeikuta juu, kisimani, kuna sili inayovuja chini ya kava la valvu, na plagi mpya haziwezi kuiziba. Lakini umbea wa nini Jumapili?

Plagi mpya ikikuponyoka ikaanguka sakafuni, iokote uifunge. Mimi nilifanya hivyo. Ile nafasi ya milimita 1.1 ya kurushia cheche ilijibana ikawa wembamba wa unywele. Gari likamisi vilevile, nami nikailaumu koili. Nilinunua koili.

Sasa penye utamu wenyewe. Fundi anayejua huchomeka kichwa cha plagi kwenye kipande cha mpira wa mafuta, akaishusha kisimani na kuizungusha kwa vidole viwili. Kwanza huirudisha kinyume taratibu, mpaka asikie thredi zikikaa kwa "tik" ndogo, ndipo anakwenda mbele. Zikipishana, mpira huteleza, hedi ikabaki salama, naye anaanza upya. Vidole ndivyo vinavyoifikisha plagi mwisho. Spana inakuja baadaye kabisa: plagi mpya yenye washa, nusu mzunguko na kidogo tu, basi.

Wewe una haraka. Vika soketi, shika mpini mrefu, ongeza na bomba juu ya mpini. Ikigoma, kaza. Plagi ni chuma, hedi ni alumini. Utausikia ugumu, kisha ghafla ulaini mtamu, kama kisu kwenye siagi. Hizo ni thredi za hedi zinaondoka.

Hapo jirani atakumbuka spana yake, na shemeji atakumbuka kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Yule fundi uliyemkwepa anafungua gereji saa mbili asubuhi. Mpelekee gari likivutwa kwa kamba, na habari za video usimwambie.