Ndugu M, Unakumbushwa Kikao

Kuna lugha za kompyuta zenye mdomo. Python ni mojawapo: ukiiomba kitu cha tano kwenye orodha yenye vitu vitatu, inagoma hapohapo na kukutajia mstari uliokosewa. JavaScript haina makuu. Brendan Eich aliibuni kwa siku 10 tu, Mei 1995, akiwa Netscape, na nahisi ile haraka ndiyo iliyomfanya aifundishe kutomkatalia mtu. Ukiomba kisichokuwepo inakupa undefined, yaani hamna, kisha inaendelea na shughuli zake.

Upole huo unavumilika orodha ikiwa moja. Balaa huanza orodha zinapobebana. Mimi nilikuwa na orodha ya matawi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na ndani ya kila tawi orodha ya wanachama, katibu akitangulia daima. Ukimtaka katibu wa tawi la tatu unaandika matawi[2][0]. Mbili kwa sababu hesabu inaanzia sifuri. Bosi wangu hajawahi kulikubali hilo. "Sifuri ni mtu gani?" huniuliza. Na yeye anakaa ghorofa ya nne Kariakoo, kila siku anapiga simu kuwaeleza wageni wanaohema ngazini kwamba hawajafika, ile ya chini haihesabiwi.

Basi tukaandaa SMS za kuwaita makatibu kikaoni. Majina yalitoka kwenye mfumo wa zamani, yakapitia programu ya kuyageuza iliyoandikwa na mtu asiyejulikana alipo. Programu hiyo ina falsafa yake. Tawi likiwa na watu wawili au zaidi, inawafunga kwenye orodha vizuri. Likiwa na mtu mmoja, inaona orodha ya nini? Inamleta yeye mwenyewe, jina tupu bila mabano. Sasa wewe unakuja na [0] yako kumtafuta wa kwanza. Python isingekuokoa hapo, nayo ingekupa kilekile: herufi ya kwanza ya jina.

SMS zilitoka asubuhi. Kabla ya chai simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniandikia Ndugu M?"

"Ni mfumo, mama."

"Mwambie huyo mfumo wazee wangu walichinja mbuzi kunipa jina. Hawakuchinja kwa herufi."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya mfumo. Yupo na ambaye tawi lake lilikuwa bado halina mwanachama hata mmoja kwenye kumbukumbu, ila namba ya simu ya ofisi ipo. Huko ilikwenda "Ndugu undefined, unakumbushwa kikao cha Jumamosi." Aliyeipokea hakukasirika. Alijibu kistaarabu kabisa: "Huyo ndugu alishahamia Morogoro."

Dawa zipo. Kabla ya kufungua chochote unauliza kwa Array.isArray kama kweli ni orodha. Tangu 2020 kuna pia alama ya ?. inayozuia programu isianguke unapochungulia ndani ya kitu ambacho hakipo, ingawa mimi siipendi sana, maana kelele ilikuwa moja ya vitu vichache vilivyobaki vya kutushtua, na sasa nayo tumeinyamazisha. Na ukichoka na vyumba ndani ya vyumba kuna flat, inayovunja kuta. Tahadhari tu, usipoielekeza inavunja ukuta mmoja na kukaa.

Niliandika ulinzi wa kila aina: kwa tawi tupu, kwa tawi la mtu mmoja, kwa jina lenye nafasi tupu mbele. Bosi akaja, akasimama nyuma yangu, akasoma kioo kuanzia juu hadi chini.

"Mistari yote hii ni ya nini?"

"Ya kupata jina, bosi."

"Si uandike Ndugu Mwanachama?"