Mateso ya Jumapili

Waingereza hawana dogo. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kuwatungia wasomaji wa gazeti la The Observer mafumbo ya maneno, akajiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya Hispania iliyotesa wazushi. Wakampenda! Mrithi wake akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama ileile. Wa tatu ni Azed: Deza, naye mkuu wa mahakama hiyo, kasomwa kinyumenyume. Kumtesa mtu bila kumzungusha, eti, ni utovu wa adabu. Basi babu mzima, penseli sikioni, anakodolea vijumba vitupu hadi chai inapoa, halafu anaruka: “Nimelipata!” Kapata neno ambalo hata mkewe hataki kulisikia. Na gazeti kalinunua kwa pesa zake.